Waya wa Kuonyeshea Majirani

Nyumba ya Kona,
Mtaa wa Juu.
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa Wifi,

Pokea salamu zangu nyingi, na uzipokee ukiwa umekaa. Hujambo? Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kupaka uliyosema inanuka kama rangi ya viatu, bado unaitumia au umeshaitupa? Na shemeji, ameacha kubishana na redio? Sisi huku miili ni mizima. Nimesema miili, kwa sababu mengine ndiyo yaliyonikalisha kwenye meza yangu ya kupigia pasi, nikasogeza mashati ya watu pembeni, nikuandikie.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi wakati simu ninayo. Hiyo simu nimeishika mara kadhaa nikairudisha chini. Nyumba yetu unaijua, ukikohoa chumbani wanakupa pole jikoni. Tena wewe kwenye simu una maswali kama hakimu, ungenikatiza kabla sijafika pale penyewe, nami ningepata upenyo wa kunyamaza. Kwenye karatasi hakuna wa kunikatiza.

Nianze na lililo lako. Ule ujumbe wa sauti uliomtumia binti yako niliusikia wote. Aliufungulia jikoni kwetu hapa anapokaa, akiwa anaosha vyombo, mikono imejaa povu, simu iko mezani inasema kwa sauti yako. Ulimwambia amekutia aibu. Ulimwambia ulijinyima ili asomee ufundi wa umeme, naye akaenda kufunga nyaya za watu kama anafunga mzigo wa kuni. Ukamwambia asikanyage kwako mpaka awe na la kukueleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono, akasema, "Sawa, mama," kana kwamba ulikuwa unamsikia. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na kapu la nguo, nikageuka nikaenda kuanika.

Wifi, mwanao hana kosa hata chembe. Nyaya alizikaza. Aibu hiyo ni ya nyumba hii, ni ya mdogo wako, mume wangu, na ni yangu.

Ngoja nikueleze tangu mwanzo, maana nadhani hata huo mpango wenyewe hukuelezwa vizuri. Huku kwetu siku hizi magari ya umeme ni mengi, na jioni ndipo watu wote wanaporudi kwa pamoja. Huyu anawasha jiko, yule anachemsha maji ya kuoga, mimi nina pasi mbili za moto, umeme unalemewa. Zamani ukilemewa walikuwa wanatukatia mtaa mzima, tunabaki kupapasana. Shirika la umeme likaja na hoja kwamba hayo magari yanayosimama uani jioni yana betri kubwa zilizojaa. Basi saa za kulemewa yarudishe sehemu ya umeme wao kwenye gridi, yaani nyaya za shirika, halafu yajazwe tena watu wakishalala, umeme ukiwa hauna wa kuutumia. Mwenye gari anachagua mwenyewe kiasi ambacho betri yake haitashuka chini yake, ili asubuhi asije akakwama njiani. Na mtaa ambao magari yake yanachangia vya kutosha unatolewa kwenye zamu ya kukatiwa.

Kila nyumba yenye gari ilifungiwa kisanduku ukutani chenye taa ndogo ya kijani. Vya mtaa wetu vyote alivifunga binti yako. Ungemwona juu ya ngazi, bisibisi mdomoni, wazee wazima wanamwita Fundi naye anaitika bila kugeuka. Nilijisikia kama nimemzaa mimi, samahani kwa kukuibia.

Mdogo wako akachaguliwa mwenyekiti wa kikundi cha wenye magari. Unamjua, anapenda kutambulika kuliko kula. Tangu wampe hicho cheo, hata mimi mkewe nikimwita kwa jina anachelewa kuitika. Makubaliano ya mtaa yalikuwa kwamba ukifika nyumbani, kabla hujavua viatu, uchomeke waya wa gari kwenye kisanduku. Mageti ya huku ni ya nondo, mpita njia anaona uani. Basi Mwenyekiti akishamaliza kunywa chai yake anatoka na tochi, anapita geti kwa geti kukagua. Akiona gari halina waya anasimama hapo hapo. "Jirani, wewe umeshiba, mtaa ule nini?" Watu wanacheka, mwenye gari anatoka mbio na kandambili mguu mmoja.

Jirani yetu mshonaji alisahau kuchomeka, akasahau tena. Ana mtoto mwenye pumu na kazi ya kushona sare za shule, kichwa chake kina mengi. Mdogo wako akamsimanga mbele ya watu, akamwita Mama Mchoyo, na jina likamganda. Hata watoto wa shule wakimletea nguo walikuwa wanauliza kwa Mama Mchoyo ni wapi. Mimi nilikuwa nacheka pamoja na wengine.

Kumbe mwenye tochi ndiye aliyekuwa gizani.

Gari letu ni lile la kupelekea mikate ya watu wa tanuri madukani, na ndilo tunalolitegemea. Kuna fundi mmoja wa gereji alimwambia kwamba betri inayotoa na kupokea kila siku inazeeka haraka. Neno hilo lilimwingia, likamkaa. Binti yako alimweleza vizuri tu, kwamba kinachochukuliwa ni kidogo, kwamba breki anazopiga kwenye kilima kila asubuhi zinaichosha betri kuliko jioni nzima ya kuchangia. Alijibu ndiyo, ndiyo, Fundi wetu, nimeelewa. Angejitoa kwenye mpango hakuna ambaye angemlaumu, lakini mwenyekiti atajitoaje. Alichofanya ni hiki: jioni anachomeka waya kama kawaida, unaning'inia pale mbele ya geti watu wauone, kisha anaingia stoo anashusha swichi inayolisha kisanduku. Watu wakilala anaipandisha, gari linajaa raha mustarehe. Na ile taa ya kijani iliyozima, aliitundikia koti lake la mvua.

Sasa na mimi unione. Sikuambiwa, lakini nilijua. Koti la mvua linatundikwa nje kiangazi kizima, mtu uliyelala naye miaka yote hii anakuambia, "Hiyo swichi ya stoo usiiguse, ina mambo yake," utasema hukujua? Nilijua, nikaona niache hivyo hivyo. Pasi zangu zilikuwa za moto jioni nzima, mtaa haukatiwi, kwa nini nijitafutie maneno? Baadaye akawanong'oneza na rafiki zake wawili wa drafti, nao wakaanza kufanya hivyo hivyo. Nilisikia wakicheka na kuuita ule waya, waya wa kuonyeshea majirani.

Siku iliyoharibika ilikuwa siku ya joto kali, mafeni yote yanazunguka. Jioni jua halijazama vizuri, mtambo mmoja mkubwa huko wanakozalishia ulizimika, na shirika likayategemea magari. Mitaa mingine ilihimili. Wa kwetu ulichangia pungufu ya ulivyoahidi, ukakatwa ili kuwanusuru wengine. Pasi ikanipolea mkononi katikati ya kola ya shati. Sikuwa hata nimeiweka chini nikasikia mshonaji anaita ukutani.

Mtoto wake alikuwa amebanwa. Wana ile mashine ya kumvutisha dawa kwa mvuke, na mashine bila umeme ni boksi tu. Gari lake mwenyewe lilikuwa limechomekwa tangu mchana, tena alilipangia litoe mpaka karibu na mwisho, asije akaitwa tena mchoyo. Lilikuwa limeshatoa karibu kila kitu, lisingefika hata barabara kuu. Mdogo wako akang'oa waya wetu, akampakia mshonaji mbele, binti yako akakaa nyuma kwenye kreti za mikate na mtoto kifuani, wakaenda hospitali mbio.

Mtoto alipona. Nakuambia mapema usishike moyo. Alilazwa, akatoka, sasa anakimbiza paka kama kawaida. Lakini siku ile waliporudi, mtaa mzima ulikuwa umesimama nje unamsubiri Mwenyekiti. Walimshika mkono. Mzee mmoja akasema huyu ndiye kiongozi, gari lake liko tayari saa yoyote. Mshonaji alilia akamshukuru mpaka akapiga goti. Na mdogo wako akamwinua, akasema, "Aa, jirani, ndio ujirani huo." Nilikuwa karibu, nikamwona jinsi alivyoyapokea. Niliingia ndani nikakaa chooni, si kwa haja yoyote.

Kwa sababu mimi nilikuwa najua gari lile lilikuwa bado na chaji kwa nini. Na binti yako alikuwa amekaa ndani yake. Fundi wa umeme, Wifi, anaangalia kipimo cha betri kama mimi ninavyoangalia kola. Gari lililochangia jioni yote haliwezi kubaki na chaji yote ile. Aliporudi alikwenda moja kwa moja stoo, akasimama mbele ya ile swichi, akatoka. Hakuigusa. Alinisalimia kwa heshima kama siku zote, akala kidogo, akaenda kulala.

Injinia wa shirika alikuja kutafuta sababu ya upungufu. Akaona kwenye mitambo yao kwamba visanduku vitatu vya mtaa wetu vinapotea kila jioni na kurudi watu wakishalala. Kwa akili yake, na si akili mbaya, hiyo ni dalili ya waya usiokazwa: jioni ukipata moto unaachia, usiku ukipoa unashika. Vitatu vyote vimefungwa na mkono mmoja. Wakamsimamisha kazi binti yako mpaka kikao, na wakasema ikithibitika hatashika tena kisanduku cha mtu yeyote. Hapo ndipo habari zilipokufikia, na wewe ukatuma ule ujumbe.

Nilimfuata jikoni. Nikamuuliza, mbona husemi? Akaniambia, "Anti, mimi nimesema nilivifunga vizuri. Zaidi ya hapo siwezi. Mjomba ndiye aliyenipokea mjini na begi moja. Nitamsema mjomba wangu kwa watu baki?" Nikamwambia basi watakufukuza. Akasema, "Atasema mwenyewe. Tumpe nafasi." Alisema hivyo bila uchungu, akiendelea kuchambua nyanya. Nami nikaona afadhali, nikarudi kwenye pasi zangu. Hilo ndilo linalonichoma kuliko yote. Yeye alikuwa anamstahi mjomba wake. Mimi nilikuwa naogopa tu.

Kikao kilifanyika hapa hapa kwetu, maana ndiko kwa Mwenyekiti. Viti vya kuazima vilijaa uani mpaka getini. Ilikuwa saa ya kuchomeka, kwa hiyo gari letu lilikuwa pale na waya wake, na koti la mvua ukutani. Injinia akaeleza mambo yake kwa upole. Watu wakamgeukia binti yako, aliyekuwa amesimama karibu na tangi la maji, amevaa ile ovaroli niliyompigia pasi mwenyewe asubuhi. Mshonaji akauliza, mtoto yuko mapajani, "Kwa hiyo mwanangu alitaka kufa kwa sababu ya waya ambao haukukazwa?" Hakuwa na ukali. Alikuwa anauliza kweli. Binti yako akatazama chini.

Nilikuwa nagawa soda. Nikaweka sinia juu ya ndoo, nikaingia stoo.

Sasa hapa nisome polepole, Wifi. Stoo ina kidirisha kinachotazama uani, nilikuwa namwona mdogo wako kwa ubavu. Alisimama. Akavua kofia. Akaishika kwa mikono miwili, akakohoa, akasema, "Ndugu zangu, kabla ya yote." Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye swichi. Nilisikia sauti ile nikaona ni ile ile ya kushukuru wageni, ya kuzunguka na kupoza watu, ninayoijua mimi. Nikaipandisha.

Kisanduku kikalia tak. Taa ya kijani ikawaka chini ya mkono wa koti, gari likaanza kuvuma taratibu kama linavyofanya likichangia. Simu ya Injinia ikalia papo hapo. Akaitazama, akatazama ukuta, akaenda akalifunua koti kwa kidole, kama mtu anayefunua chungu cha mwenzake. Mimi nikatokea mlangoni pa stoo na vumbi mikononi, kila mtu akaniona nilikotoka. Mmoja wa wale wa drafti akakumbuka kuwa ameacha sufuria jikoni, akaondoka. Mshonaji ndiye aliyesema, tena kwa sauti ndogo, "Kumbe lilikuwa koti."

Mdogo wako akasema, "Nilikuwa nasema." Akarudia, "Nilikuwa ndiyo nasema." Akakaa.

Injinia ni mtu wa haki, alimwomba radhi binti yako pale pale mbele ya wote. Kesho Jumatatu anarudi kazini, wamempa mtaa mwingine afunge. Uenyekiti umekwenda kwa mshonaji, na hatembei na tochi. Mdogo wako sasa anachomeka mapema kuliko watu wote, swichi juu, koti limerudi kabatini. Alipeleka mkate kwa mshonaji. Tuliukuta umening'inizwa kwenye geti letu, na mfuko wake haujafunguliwa. Ananisalimia asubuhi, ananiambia chakula kizuri. Usiku ananipa mgongo.

Nilitegemea binti yako atanishukuru. Nisikufiche, nilitamani hivyo. Badala yake alinikuta hapa mezani akaniuliza, "Anti, kwa nini hukumwacha amalize? Alikuwa amesimama. Alivua kofia. Mjomba kofia haivui hata kwa daktari." Nilimwambia nimeijua sauti ya mjomba wake. Akasema, "Labda," akachukua ovaroli yake akaenda.

Kwa hiyo ninakuomba mambo mawili. La kwanza halina mjadala: mpigie binti yako leo hii ukimaliza kusoma, umwombe radhi kama mtu mzima anavyoombwa radhi, si kwa kuuliza amekula nini. Ule ujumbe wako hajaufuta. Nilimwona juzi amekaa kitandani anausikiliza tena.

La pili ni langu. Wewe ndiye uliyemlea mdogo wako, na katika maisha yake yote sijasikia kwamba amewahi kukudanganya wewe. Sisi wengine tumeshapata mgao wetu. Muulize siku ile alivua kofia aseme nini. Atakuambia kweli. Na akishakuambia, Wifi yangu, nakuomba jibu lake likae kwako, usinipe, hata nikija nikakupigia magoti. Kama alikuwa anataka kusema kweli, basi nimemwaibisha mume wangu mbele ya watu pumzi moja kabla hajajikomboa mwenyewe, na sitaweza kumtazama. Na kama hakuwa anataka, pia sitaweza.

Nisalimie sana shemeji, na mapacha, waambie sare zao za zamani ninazo bado. Nisalimie mama mkwe, umsomee salamu tu, haya mengine uyaruke. Mungu akupe wepesi wa goti na usingizi wa kutosha, na akuwekee maneno laini mdomoni utakapomsemesha mwanao.

Ni mimi wifi yako, ninayekupenda na ninayekuonea haya,

Mke wa mdogo wako.